Miguu migumu, picha ya kiuno safi

Hospitali ya wilaya ninayofanyia kazi haina siti skani, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kwa hiyo nilijiwekea utaratibu wangu: kabla sijauliza mgonjwa aliyepooza anaumwa nini, najua kwanza ameumia wapi. Ubongoni, kwenye ugwe wa mgongo (kamba ya fahamu inayoshuka toka ubongoni ndani ya mifupa ya mgongo, yaani pingili), kwenye mishipa ya fahamu, au ni msuli wenyewe.

Mfano ni mama mmoja wa makamo aliyeletwa na cheti kilichoandikwa "kiharusi", pamoja na eksirei ya kiuno isiyo na kasoro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Miguu imenikatalia."

Mikono yake ilikuwa na nguvu, uso haukupinda, maneno yalitoka sawasawa. Kiharusi mara nyingi hushika upande mmoja, naye kashikwa miguu yote miwili. Kukunja goti lake ilikuwa kazi, lilikuwa gumu. Nikagonga chini ya pia ya goti kwa nyundo, mguu ukaruka hadi nesi akarudi nyuma. Kisha nikamkwaruza wayo kwa ufunguo, kutoka kisigino kwenda vidoleni. Kidole gumba kikainuka badala ya kukunjika chini, dalili kwamba kilichoumia ni ubongo au ugwe. Ishara hiyo Joseph Babinski aliieleza Paris mwaka 1896, na ufunguo wa kuipimia haugharimu kitu.

Hapo nikajua kwa nini picha ya kiuno ilikuwa safi. Kwa mtu mzima ugwe huishia pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Chini ya hapo ni mizizi ya fahamu tu. Mizizi ikibanwa miguu hulegea, goti haliitiki nyundo, na baadaye misuli husinyaa. Miguu migumu inayoruka imeharibiwa kutoka juu zaidi.

Juu wapi? Nikapandisha pamba taratibu toka mapajani. "Hapa unasikia?" Hasikii. Alianza kusikia kwenye usawa wa kitovu, eneo la mshipa wa fahamu wa 10 wa kifua. Nikaomba picha ya pingili za kifua, tena nikasisitiza ipigwe hadi juu, maana sehemu iliyoumia yaweza kuwa juu ya mpaka wa ganzi. Pingili mbili zilikuwa zimeliwa na kubonyea. Vipimo vikathibitisha kifua kikuu cha mgongo. Akaanza dawa, tukampa rufaa kwa wapasuaji.

Tahadhari moja kwa wanaopokea majeruhi: ugwe ukiumia ghafla, siku za mwanzo miguu hulegea na magoti hayaitiki kabisa. Wakati huo nyundo hudanganya; mimi hutegemea zaidi mpaka wa ganzi, na huuliza kama mkojo umeziba.