Jinsi andiko langu la manukato lilivyofika mbele ya majaji

Mwandishi wa siasa akisema anawania tuzo, wenzake humpongeza. Mimi niliposema nawania tuzo ya uandishi kuhusu manukato, chumba kizima cha habari kiliangua kicheko, na mmoja akauliza kama mshindi hupewa chupa. Ikabidi niwaeleze kwamba tuzo hizi zipo na zina heshima yake. Uingereza kuna Jasmine Awards, chini ya Fragrance Foundation ya huko, na zina zaidi ya miaka thelathini. Marekani kuna Perfumed Plume. Kinachopimwa humo ni maandishi; manukato yenyewe yana tuzo zake nyingine.

Nilianza kwa kusoma kazi zilizowahi kushinda. Nilichokuwa natafuta ni kimoja tu: mwandishi anamwambia nini msomaji ambaye amenusa kila kitu? Kwenye jopo la namna hii usishangae kukuta wahariri wa kurasa za urembo na watu wanaotunga manukato kwa kazi. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba harufu fulani ni “ya kipekee, ya kisasa na yenye mvuto”, umemrudishia maneno ya tangazo alilolipokea asubuhi. Nikaamua andiko langu liwe habari: kuna jambo limetokea, kuna ushahidi, na kuna mtu wa kuulizwa.

Habari niliyoichagua ni ya Lilial. Hii ni kemikali ya maabara iliyotumika miaka mingi kuleta harufu ya muguet, ua dogo jeupe lenye umbo la kengele. Muguet ni mkaidi: harufu yake haikamuliki kwa kiwango cha kuuzika, kwa hiyo anayeitaka hana budi kuiunda mwenyewe. Edmond Roudnitska, aliyetunga manukato ya Diorissimo ya mwaka 1956, aliyapanda maua hayo bustanini kwake ili ayanuse yakiwa hai. Wengine wengi walifikia kwenye Lilial, ambayo iliingia hadi kwenye shampuu. Halafu tarehe 1 Machi 2022 Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwenye vipodozi, baada ya kuiweka katika kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi. Manukato yaliyokuwa nayo yakalazimika kutungwa upya, huku jina likibaki lilelile na chupa ileile. Mnunuzi ataambiwa na nani?

Ushahidi ulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sheria za Ulaya zilikuwa tayari zinataka kemikali hiyo itajwe kwenye lebo ikizidi kiwango fulani, kama kiamsha mzio. Nikatafuta chupa za manukato mamoja, ya kabla ya marufuku na ya baada yake, nikaweka maboksi mawili chini ya taa. Kwenye boksi la zamani, kwa herufi ndogo za kumtoa mtu machozi, lilikuwapo jina Butylphenyl Methylpropional, ambalo ndilo jina la Lilial kwenye lebo. Kwenye boksi jipya halikuwapo. Mbele, maboksi hayo yalifanana kabisa.

Kusoma lebo ni jambo moja, kunusa ni jingine, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Nilimwomba mwenzangu achovye karatasi za kunusia na kuandika namba nyuma, mimi nikiwa nje ya chumba, ili nisijue ipi ni ipi. Kuna mtego mmoja ambao waandishi wengi huupita kimya. Chupa ya zamani imezeeka. Mafuta ya ndimu na machungwa huharibika kwa hewa na mwanga, kwa hiyo ukinusa mara tu baada ya kuchovya, huenda tofauti unayoipata ni uzee na wala si fomula. Nilisubiri harufu hizo za mwanzo ziruke, nikaandika kuhusu harufu za katikati, zinazobaki baada ya hizo. Pua ilipochoka nilinusa mkono wa shati langu, mbinu ya watunzi wenyewe. Tofauti ilikuwapo. Toleo jipya lilikuwa kali kidogo na jembamba, na ule ulaini wa maua ulipungua. Nikaliandika hivyohivyo, na hoja ya uzee wa chupa nikaiweka wazi kwenye aya ileile badala ya kuificha mwishoni.

Kampuni niliiuliza swali moja: fomula imebadilika? Nikaletewa ukurasa mzima juu ya urithi, ufundi na shauku. Nikaandika kwamba swali halikujibiwa, basi.

Kuna jambo lililonikera, na bado linanikera. Tuzo nyingi za uwanja huu zimeota mizizi kwenye sekta yenyewe ya manukato. Fragrance Foundation ilianzishwa New York mwaka 1949 na watu wa biashara hiyo. Kwa hiyo unamwandikia mwenye nyumba kuhusu nyufa za nyumba yake. Nilifikiria kujitoa. Kilichonibakiza ni kwamba miongoni mwa kazi nilizosoma kulikuwa na za ukosoaji mkali, nazo zilipita. Hata hivyo nilieleza ndani ya andiko kwamba chupa zote nilizinunua au kuziazima, na kwamba sikupokea sampuli ya bure kutoka kwa yeyote niliyemtaja.

Mambo ya fomu hayana mengi. Walitaka kazi iwe imeshachapishwa na niseme inaingia kipengele gani. Mhariri wangu alinisaidia kwa kukata: alifuta karibu kila kivumishi cha harufu, akaacha vile tu ambavyo msomaji angeweza kuvipima kwa pua yake. Tuligombana juu ya neno “jembamba”. Lilibaki.

Niliteuliwa miongoni mwa wawaniaji wa mwisho, lakini tuzo ilikwenda kwa andiko kuhusu watu waliopoteza uwezo wa kunusa baada ya ugonjwa. Nililisoma usiku uleule; lilistahili. Mhariri ametaka jingine kutoka kwangu, na safari hii ni beta-ionone, kemikali yenye harufu ya urujuani ambayo watu wengine huisikia vizuri na wengine karibu hawaisikii, tofauti inayotokana kwa sehemu kubwa na jeni moja, OR5A1. Nimeshaanza kukusanya watu wa kunusa, wakiwemo wawili wanaoapa kwamba karatasi niliyowapa ni tupu.