Faili la GB 1.6 lililokuwa likifia njiani

Kwa wiki tatu nzima niliwaambia walimu wa Newala, Kibondo na Sumbawanga kwamba mtandao wao ni mbovu. Nimeshawaomba radhi mmoja mmoja kwenye WhatsApp, kwa hiyo wanaotaka kunicheka wapange foleni, wako wengi mbele yao.

Ofisi yetu ndogo hapa Morogoro hutengeneza video za masomo ya sayansi. Tunazifunga kwenye zip, mwalimu anaingia na nywila yake, anapakua. Seva iko chini ya meza yangu, imechomekwa kwenye swichi. Mbele yuko Nginx, programu ya seva ya wavuti, anapokea wageni. Nyuma yake Apache, programu nyingine ya aina hiyo, na skripti (programu ndogo) ya PHP inayokagua nywila na kutoa faili. Vifurushi vya zamani vilikuwa MB 600, MB 700, na havikuwahi kusumbua. Safari hii tukaongeza video za maabara, kifurushi cha Kemia kikafika GB 1.6. Simu zikaanza.

"Fundi, nimetia bando la GB 2, limekwisha, na faili halifunguki."

Zip haina huruma. Orodha ya vilivyomo ndani hukaa mwishoni kabisa mwa faili, kwa hiyo ukikosa mkia umekosa vyote. Mwalimu ana GB 1.1 kwenye simu na hawezi kufungua hata video moja. Mimi nikajaribu kwenye kompyuta yangu: sekunde kama kumi na tano, faili lote limeshuka, linafunguka. Nikamjibu, "Hapa kwetu linashuka vizuri Mwalimu, jaribu usiku mtandao ukiwa mwepesi." Maskini akajaribu usiku, na bando jingine.

Nikaomba msaada kwa mafundi wenzangu. Mmoja akasema pandisha max_execution_time, yaani sekunde ambazo PHP inairuhusu skripti kufanya kazi. Nikapandisha hadi 3600, hola. (Baadaye nikajua kwamba kwenye Linux saa hiyo haihesabu muda ambao skripti imekaa ikisubiri, kwa hiyo haikuwa na kesi hata kidogo.) Mwingine, kwa kujiamini kabisa: "RAM ndogo hiyo, ongeza." Nikapanda basi hadi Kariakoo, laki na kitu ikaondoka, ukiacha nauli na chipsi kuku. Seva ikawa na RAM ya kutambia, na faili likaendelea kufa palepale. Wa tatu akasema waambie watumie brauza nyingine. Huyo sikumjibu.

Aliyeniokoa ni dada wa mapokezi. Alitaka kumwekea mgeni kifurushi kwenye flashi, akapakua kwa laptopu yake kupitia Wi-Fi ya ofisi. Kikakatika. Nikafurahi kupita kiasi: nilijua, ni rauta! Nikang'oa rauta ya mapokezi, nikafunga mpya, nikamwambia jaribu sasa. Kikakatika tena. Akaniuliza bila hata kuinua macho, "Kaka, kwani na mimi niko Newala?"

Nikarudi mezani nimenywea. Tofauti yangu na yeye ilikuwa moja tu: mimi nina waya, yeye hana. Yaani mimi nina kasi, yeye hana. Basi nikajiuliza, je, nikijinyima kasi mwenyewe? Kwenye curl, programu ya kupakua kwa kuandika amri, kuna kitu kinaitwa --limit-rate, cha kuweka kikomo cha kasi. Nikaweka 3M, megabaiti tatu kwa sekunde, kwenye waya uleule unaoshusha faili lote kwa sekunde kumi na tano, halafu nikafungua logi za Apache (daftari lake la matukio) dirisha la pili na kukaa kuangalia.

Aisee. Kwenye sekunde ya sabini na kitu hivi, curl ikiwa kwenye asilimia 13 au 14, mstari ukadondoka kwenye logi ya Apache: ombi limekwisha. Limekwishaje, na mimi bado napakua? Na kweli, curl ikaendelea kushusha kwa raha zake, asilimia 30, 50, 60, dakika ya tatu, ya nne, ya tano. Karibu na dakika ya sita ikakata, na kosa namba 18: muunganisho umefungwa, baiti kadhaa zimebaki. Nimepokea bilioni 1.1 hivi. Nikarudia kwa 2M, ikakata karibu palepale. Sikulala, lakini si kwa hasira.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Apache anamimina kwa ndoo, mteja ananyonya kwa mrija, na Nginx ameweka pipa katikati. Kinachozidi anakihifadhi kwenye faili la muda kwenye diski. Hilo pipa lina kipimo, proxy_max_temp_file_size, na usipoligusa ni 1024m, yaani baiti 1,073,741,824. Likijaa, Nginx anamwambia Apache asubiri. Apache wangu naye ana Timeout, yaani kikomo cha kusubiri, ya sekunde 60. Ikipita hakuna anayepokea, anafunga na kuondoka. Nginx anaendelea kumgawia mteja kutoka kwenye pipa mpaka litakapokauka, anageuka nyuma kuomba zaidi, hakuna mtu. Mimi mwenye waya nilikuwa nakunywa haraka kiasi kwamba pipa halikuwahi kujaa. Na vifurushi vya MB 700 vilikuwa vinaenea vyote ndani yake.

Kinachoniuma ni kwamba ushahidi nilikuwa nao. Logi ya Nginx ilikuwa imejaa maonyo kwamba majibu yanaandikwa kwenye faili la muda. Niliyaona miezi yote, nikasema onyo si kosa. Na walimu walinitumia ukubwa wa mafaili yao yaliyokatika: yote yamezidi GB 1 kidogo. Mtandao mbovu hukata popote, leo MB 200, kesho MB 900. Ukiona watu wa mikoa mitatu wanakatikia sehemu moja, kuna kikomo mahali. Waombe baiti kamili, usikubali "imeishia katikati".

Usiku uleule nikaweka proxy_max_temp_file_size 0. Nikawasha upya, curl kwa 3M ikafika mwisho. Sasa Apache anakwenda mwendo wa mteja. Ila hiyo ina bei yake: kila mwalimu mwenye mtandao wa kobe anashikilia mfanyakazi mmoja wa Apache kwa saa nzima, na Debian, Linux ya seva yangu, inakupa 150 tu kwenye prefork, mtindo wa Apache wa kumpa kila mgeni mfanyakazi wake. Wiki iliyofuata nikahamia X-Accel-Redirect: PHP inakagua nywila, halafu inamwambia Nginx "toa faili hili mwenyewe". Faida ya pili sikuitegemea. Skripti yangu ya zamani haikujua kuendeleza upakuaji, ukikatika unaanza sifuri. Nginx anajua. Mwalimu wa Kibondo alikatikiwa na umeme kwenye asilimia 80 na akamalizia kesho yake.

Rauta ya zamani ya mapokezi, nzima kabisa, iko juu ya kabati. Dada kaiwekea kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki, makusudi, ili niione kila ninapoingia.