Timu inayohitimu kila mwaka

Ukitaja kikapu barazani kwetu Kikwajuni, Unguja, hata mzee ambaye hajawahi kuushika mpira atakutajia Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu, drafti ya NBA ya 2009, pale timu za ligi kuu ya kulipwa ya Marekani zinapochagua vijana, kachaguliwa wa pili. Hayo wote wanayajua. Lakini aliyemfundisha chuoni miaka mitatu hatajwi, na mimi huyo ndiye ninayemfuatilia, maana kazi yake na yangu ni moja, kufundisha kikapu chuoni, ingawa mifuko yetu haifanani kabisa.

Anaitwa Jim Calhoun. Alizaliwa 1942 huko Massachusetts, akafiwa na baba akiwa na miaka 15, na kabla hajamaliza masomo alishika vibarua, kikiwemo cha kuchonga mawe ya makaburi. Akafundisha skuli, kisha 1972 akapewa timu ya Northeastern, Boston, akakaa nayo miaka 14. Wengi huanza kumhesabu pale alipohamia Chuo Kikuu cha Connecticut, 1986, akabeba ubingwa wa vyuo wa 1999, 2004 na 2011. Mimi ile 14 ndiyo inayonishughulisha. Ni miaka 14 ya kuaga watu.

Kocha wa klabu akimpata senta mzuri, yule mrefu wa chini ya goli, anaweza kuzeeka naye. Wa chuo, kijana akishaiva tu, joho hilo, na mkono wa kwaheri. Thabeet alianza kucheza akiwa na miaka 15, akafika Connecticut 2006 katika kikosi cha watoto watupu, na msimu ule hata mashindano ya taifa hawakuyaona. Msimu wa tatu wakaingia nne bora, Detroit, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Thabeet alikuwa bado na mwaka mmoja wa kucheza chuoni, akaenda zake NBA. Mzee akaanza upya. Katika kikosi kile kile alikuwepo kijana wa mwaka wa kwanza, Kemba Walker. Miaka miwili baadaye Walker akambebea ubingwa wa tatu, naye akaondoka.

Kwangu mimi hata miaka mitatu ni anasa. Wachezaji wangu wengi wanasoma hoteli na utalii, na ligi ikipamba moto ndipo wanapopelekwa fildi, mafunzo ya kazini hotelini, huyu Nungwi, yule Paje. "Shikamoo Mwalimu, leo sitoweza kuja, nimepangiwa shifti ya usiku." Ujumbe huo naupata hadi nimeuzoea. Mwezi wa Ramadhani ndio nafuu, tunafanya mazoezi baada ya tarawehe, na ajabu wanakuja wengi kuliko miezi mingine.

Tena hawaondoki na mchezo wao tu. Uwanja wetu wa saruji unaelekea baharini, na nyavu za dukani zikipigwa jua na chumvi hukatika upesi. Kijana mmoja wa Mkokotoni, mtoto wa mvuvi, akasema atasuka mwenyewe kwa uzi wa nyavu za kuvulia. Wavu wa kwanza aliubana macho mno, mpira ukaingia ukanasa humo humo, tukawa tunauchokoa kwa mpini wa fagio huku timu ngeni inacheka. Akaufumua pale pale chini ya goli, akalegeza macho ya chini, akaufunga tena. Zile nyavu zimedumu. Yeye sasa yuko mapokezi kwenye hoteli moja Paje, na hakuna mwenzake aliyebaki anayejua kusuka.

Nisimpambe Calhoun kupita kiasi. Msimu ule ule wa mwisho wa Thabeet, mwandishi mmoja alimuuliza mbele ya kamera kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6, ilhali jimbo lina ukata. Mzee akapandisha, akasema harudishi hata senti. (Posho yangu ni nauli ya daladala, kwa hiyo swali hilo sijawahi kuulizwa.) Halafu 2011 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ikamfungia mechi tatu kwa makosa ya kusaka wachezaji, na 2013, yeye ameshastaafu, Connecticut ikazuiwa kucheza mashindano ya taifa kwa sababu ya alama za masomo za vijana wa enzi yake. Hili la pili kwangu ndilo zito. Chuo ni chuo. Kwetu mwenye sapu, somo alilofeli, hachezi mpaka airudie, na wakinuna wanune.

Lililonifanya niandike leo ni alilofanya baadaye. Alistaafu 2012, jina lake limo katika Jumba la Heshima la kikapu tangu 2005, angeweza kukaa nyumbani akalea wajukuu. 2018 akaenda Saint Joseph, West Hartford, chuo kidogo kilichokuwa cha wanawake, ambacho mwaka huo ndio kwanza kimepokea wanaume. Daraja la tatu la michezo ya vyuo, lisilotoa ufadhili wa michezo. Timu ya wanaume haikuwepo, akaiunda yeye. Alikuwa na miaka 76.

Novemba 2021 akaacha, timu ikabaki kwa Glen Miller, msaidizi wake tangu Connecticut. Hapo tu ndipo ninapomwonea wivu, si kwenye zile dola. Msaidizi wangu mimi yuko mwaka wa mwisho, na Julai anaondoka.