Dumu la Mtindi kutoka Muheza

Mwaka 2019 mama yangu alikuwa akitibiwa saratani ya titi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam. Kila baada ya siku 21 alitundikiwa dripu, mojawapo ikiwa ni ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wote huikumbuka kwa sababu hata mkojo hubadilika rangi. Siku kadhaa baada ya dripu ya kwanza alipandwa na homa usiku, kipimajoto kikavuka nyuzi 38, tukamkimbiza hospitali, akalazwa na kuchomwa antibiotiki kupitia mshipa. Hakuna aliyeweza kutuambia kwa hakika vijidudu vilitoka wapi. Daktari alieleza kwamba mara nyingi huwa ni vya mgonjwa mwenyewe, vile vinavyoishi tumboni bila kumdhuru mtu mwenye afya, ambavyo hupenya na kuingia katika damu pale dawa inapokuwa imechubua utumbo. Lakini vingine huingia kwa chakula, na hivyo ndivyo ambavyo sisi wa nyumbani tungeweza kuvizuia.

Kabla ya kuruhusiwa, muuguzi mmoja mtu mzima alituketisha na kutufundisha jinsi ya kula. Alisema chembe nyeupe za damu, zile zinazoukinga mwili na maradhi, hushuka chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu, na kwamba zile zinazoitwa nutrofili zikipungua chini ya 500 katika mikrolita moja ya damu, kijidudu ambacho mtu mwingine angekitoa kwa kuharisha nusu siku kinaweza kumuua mgonjwa. Kwa hiyo maziwa yawe yamechemshwa, mayai yaive mpaka kiini kigande, nyama na samaki viive hadi ndani, maji ya kunywa yachemshwe, na barafu ya mitaani isahaulike. Matunda hakuyakataza, mradi yaoshwe na kumenywa nyumbani, na chakula kikishapikwa kiliwe kingali moto. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno. Sikujua kwamba anaitikia kwa adabu tu.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuja kutoka Muheza, mkoani Tanga, Jumamosi moja ya mwezi Februari, katika wiki ya pili baada ya dripu ya pili, yaani ndani ya zile siku zile zile tulizoonywa. Alishuka kwenye bajaji na gunia dogo la machungwa, kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu, mayai yaliyozungushiwa pumba ndani ya kopo, chupa ya dawa ya mizizi, na dumu la lita tano la mtindi alilokuwa amelipakata tangu alipopanda basi alfajiri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanawa mikono kwenye ndoo yenye koki niliyoiweka mlangoni, kisha akaingia moja kwa moja chumbani kwa wifi yake. Kwa muda mrefu nilisikia vicheko, na mama alikuwa hajacheka hivyo kwa wiki nzima.

Mtindi ndio uliotaka kuharibu siku. Lazima nieleze hali ya mama ili jambo hili lieleweke. Dawa ilikuwa imemwondolea ladha ya kila kitu. Ugali, wali, hata chai, vyote alisema vina ladha ya chuma, na alikuwa akila vijiko vitatu vinne kwa kulazimishwa, huku mwili ukipungua. Alipolisikia lile dumu likifunguliwa na harufu yake kali ikatoka, alijiinua kitandani mwenyewe na kuomba kikombe. Hakuna mtu aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa aina hiyo asiyejua furaha ya kumsikia akiomba chakula. Nami nikasimama katikati ya mlango nikauliza swali ambalo binti hamuulizi shangazi yake.

"Shangazi, maziwa haya yalichemshwa?"

"Mtindi gani unachemshwa, mwanangu? Ng'ombe wangu mwenyewe, nimemkamua mwenyewe, kibuyu nimekifukiza mwenyewe."

Nilimweleza kwa heshima niliyoweza kwamba mama hataweza kuunywa. Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa hoja, wala hakupaza sauti. Mtindi ni mkali, alisema, na ukali ndio unaoua wadudu. Ndiyo maana maziwa mabichi hayakai siku mbili lakini mtindi unakaa wiki. Hoja ile haikuwa ya kijinga hata kidogo, na nusu yake ni kweli. Ukali hupunguza vijidudu, lakini hauvimalizi. Vile vya ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, ambao kwa binadamu huleta homa zinazopanda na kushuka na maumivu ya viungo, vinaweza kuendelea kuishi ndani ya maziwa yaliyoganda, na ng'ombe mwenye navyo anaweza kuonekana mzima kabisa.

"Basi utie kwenye friji, upoe, anywe kesho."

Hilo nalo nililazimika kulikataa, kwa kuwa yupo bakteria aitwaye listeria ambaye huendelea kuzaana hata ndani ya baridi ya friji. Ndiye aliyeua watu zaidi ya 200 nchini Afrika Kusini katika mlipuko wa mwaka 2017 na 2018, ulioletwa na soseji za polony zilizokuwa tayari kwa kuliwa, na waliodhurika zaidi walikuwa watoto wachanga, wajawazito, na watu wenye kinga hafifu. Shangazi hakujali habari za Afrika Kusini. Alikuwa amekwisha kuipata njia nyingine: tununue maziwa, tuyachemshe sana kama ninavyotaka, yakipoa tuyagandishe kwa kijiko kimoja tu cha mtindi wake. Nilikiri moyoni kwamba hapo alikuwa amenishinda akili, kwa maana maziwa yatakuwa yamechemka na mama atapata ladha ya Muheza. Lakini kijiko kile kimoja kingerudisha ndani ya maziwa safi kila kilichokuwa ndani ya dumu, na joto la kugandishia ndilo joto linalovistawisha.

Mama, aliyekuwa akitusikiliza, alisema kwa sauti ya chini lakini iliyotufikia sote, "Chakula cha wifi yangu kinakataliwa nyumbani kwangu, na mimi nipo hai." Akageukia ukutani. Nilitoka nje. Kanuni nilizijua zote, na hakuna hata moja iliyonifundisha namna ya kumjibu mama yangu mbele ya mgeni wake.

Aliyenifuata uani alikuwa shangazi. Aliniuliza swali moja tu, kama ile homa ya mara ya kwanza ilikuwa kali kweli au tulimficha mengine. Nilimwambia jinsi mama alivyotetemeka mpaka kitanda kikalia, na jinsi alivyokuwa akiniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Shangazi alikaa kimya, kisha akamchukua kuku na kusema, "Haya, supu huwezi kuikataa."

Supu sikuikataa. Jirani yetu wa kiume alimchinja, shangazi akamnyonyoa kule kule uani, mbali na jiko, kwa kuwa maji ya kuku mbichi hurukia vyombo na kuacha vijidudu mahali ambapo jicho halioni. Alikuwa na kibao chake na kisu chake, na alipomaliza nilivimwagia maji ya moto na sabuni huku akinitazama kwa dharau ya wazi. Kuku wa kienyeji ana faida moja kwa mgonjwa wa namna hii: ugumu wake hukulazimisha kumchemsha kwa muda mrefu, kwa hiyo hakuna hatari ya kumpakua akiwa na damu mfupani. Ilipoiva, mama alipelekewa bakuli inayofuka, na akainywa. Mayai nayo tulielewana haraka. Shangazi alikuwa amekusudia kumpa yai bichi alfajiri kwa ajili ya nguvu, akakubali kulichemsha mpaka liwe gumu. Chupa ya mizizi niliiweka juu ya kabati mpaka daktari aulizwe, kwa sababu dawa za mitishamba huweza kugongana na zile za dripu, na shangazi hakuitetea sana. Nadhani hata yeye aliileta kwa kutumwa.

Mchana tulipika wali wa nazi na samaki, tukala kwenye sinia mkekani, na mama akawekewa sahani yake na kijiko chake. Kachumbari haikupelekwa kwake. Alisema amekuwa mgeni kwake mwenyewe, akacheka, ingawa hakikuwa kicheko cha asubuhi. Alikula kidogo, akaomba kilichobaki kifunikwe atakula magharibi, na shangazi, kama ambavyo angefanya mtu yeyote wa pwani, akakifunika kwa kawa na kukiacha mezani. Nilikiondoa. Safari hii hakunibishia, aliuliza tu kwa nini, kwa kuwa wali si maziwa wala nyama. Nilimwambia kwamba mchele hubeba mbegu za bakteria zisizokufa kwa kuchemka, na wali ukikaa kwenye joto mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu ikishatoka haiondoki hata wali upashwe moto mpaka uungue. Kawaida chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Katika joto la Februari la Dar es Salaam, linalovuka nyuzi 32, ni saa moja. "Kwa hiyo jioni unampikia tena?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo, kidogo kidogo, kila mara. Akasema kwamba hiyo ndiyo kazi, hayo mengine ni maneno.

Nimesoma baadaye kwamba hata wataalamu wamebishana sana juu ya mambo haya. Kwa miaka mingi hospitali nyingi ziliwakataza wagonjwa wa namna hii kila kitu kibichi, matunda na majani yote. Lakini utafiti uliofanywa Houston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2008, kwa wagonjwa 153 wa saratani ya damu, haukuona tofauti katika maambukizi makubwa kati ya waliokula vilivyopikwa tu na waliokula pia matunda na mboga mbichi. Usafi wa mpishi, joto la jiko na muda chakula kinapokaa ndivyo vinavyosisitizwa zaidi siku hizi, kuliko orodha ndefu ya makatazo. Nilifurahi kulijua hilo, kwa sababu ya machungwa. Mama aliyala yote kwa siku zilizofuata. Tuliyasugua kwa maji kabla ya kuyamenya, kwani kisu hupitisha uchafu wa ganda mpaka ndani, na ndiyo maana yale yanayomenywa na kupangwa kwenye mikokoteni barabarani hatukuyagusa.

Mtindi wa kwenye dumu waliunywa shangazi na jirani aliyechinja kuku. Ningeweza kusema kwamba maziwa mabichi hayamfai mtu yeyote, mzima wala mgonjwa, lakini kwa siku ile nilikuwa nimekwisha kubishana vya kutosha. Jioni nilikwenda duka lenye friji, nikanunua pakiti ya mtindi wa kiwandani, uliotengenezwa kwa maziwa yaliyopitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, nikaangalia tarehe na kuhakikisha haijavimba wala kutoboka. Shangazi aliigeuza mkononi, akaikata kwa mkasi niliokuwa nimeuosha, akaionja tone moja kwenye kijiko chake na kukunja uso. Kisha akachukua kijiko kingine safi, akaujaza mtindi ule kwenye kikombe cha mama na kumpelekea yeye mwenyewe, akamwambia ni wa mjini, asiutegemee.

Mama aliunywa wote. Aliposhusha kikombe alisema, "Wako haufikii, wifi. Lakini unashuka."

"Ukimaliza madripu yako nitakuletea madumu mawili," shangazi alijibu, "na huyu binti yako tutamfungia nje."