Nusu Yai

Jumamosi mjukuu wangu alinikuta jikoni nikipanga mayai mezani. Akaniangalia kwa muda, kisha akauliza, "Shosho, mbona unayahesabu kabla ya kuyapika, na yakiiva unayahesabu tena?" Nikamwambia nimezoea. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki nimesimama na yai mkononi, nikimkumbuka msichana wa sweta ya kijani.

Ilikuwa 2015, tukiwa bado kwenye ile ploti ya Kaptembwo, Nakuru, yenye geti la mabati lisilofika chini. Mwezi wa Septemba, walimu wamegoma. Mahakama ilikuwa imewapa nyongeza ya mshahara ya asilimia 50 hadi 60, serikali ikasema pesa hizo haina, na kwa wiki 5 shule za umma zikawa hazifundishi. Wadogo niliokuwa nikiwalea mchana pale nyumbani waliendelea kuletwa kwangu kama kawaida. Kaka na dada zao, ambao siku nyingine wangekuwa darasani, walizagaa mitaani kuanzia kwetu hadi Rhonda.

Mradi wa chakula tulikuwa tumeupata mapema mwaka huo. Rejista yangu ilikuwa na watoto 18. Kila mmoja alipata uji saa nne, chakula cha mchana, na yai kila Jumatano. Masharti tulifundishwa katika ukumbi wa kanisa, akina mama tunaolea watoto manyumbani, kila mtu na daftari lake. Niliyapenda masharti yale. Nasema mapema kwa sababu nikisimulia kisa hiki watu hudhani nayalalamikia.

Kila sharti lilikuwa na sababu yake, na mkufunzi hakuchoka kuieleza. Unga uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, maana ukipata unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo ina sumu. Akatukumbusha mwaka 2004, watu 125 walipofariki, wengi wao Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Maji ya uji yasiwe ya kisima, kwa kuwa visima vingi vya Nakuru vina floridi, ile inayowafanya watoto wetu wawe na meno ya kahawia. Tena kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua, floridi hubaki. Njugu nzima marufuku kwa wadogo, zisije zikawakaba. Yai liive mpaka kiini kigande. Jina litiwe alama mtoto akiwa anakula, si asubuhi akifika, wala jioni kwa kukumbuka. Kila mlo utolewe sampuli, ifunikwe, ihifadhiwe saa 24, ili mtoto akiugua chakula kiweze kupimwa. Na chakula cha mradi kiliwe na aliyeandikwa tu, mbele ya macho ya mlezi, kisitoke nje ya geti. Hata kitinda mimba wangu, aliyeshinda pale pale na wenzake, hakuandikwa. Alikula kwa sufuria ya nyumbani.

Msichana wa sweta ya kijani alikuwa na miaka 3. Siku ya kuandikwa, mhudumu wa afya alimzungushia utepe kwenye mkono wa juu, ukasoma sentimita 11.9. Chini ya 11.5 ni nyekundu, huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Kutoka 11.5 hadi 12.5 ni manjano, yaani mtoto yuko hatarini. Kile chakula kilikuwa kimepimwa kwa ajili ya mkono ule. Kikigawanywa, unabaki na watoto wawili na hakuna aliyefikiwa. Hivyo ndivyo nilivyolielewa lile sharti la mwisho, na ndivyo ninavyolielewa mpaka leo.

Mama yao aliondoka alfajiri kwenda soko la Wakulima, kuchambua na kupakia viazi vinavyoletwa kutoka Molo. Kaka, wa miaka kama 8 hivi, ndiye aliyemleta dada yake asubuhi na kumrudisha jioni. Katikati hapo nyumbani hakukuwa na mtu wala chakula, kwa hiyo alikaa nje ya geti langu. Mwanzoni sikujua. Nilidhani ni mmoja wa wale wanaocheza mpira wa makaratasi pale barabarani.

Jumatano hiyo walikuja watoto 17. Nilichemsha mayai 18, moja likiwa la sampuli. Tukanawa mikono kwa ndoo yenye bomba, tukaketi mkekani, nikaanza kugawa huku nikitia alama.

Msichana alimenya yai lake polepole, akaweka maganda kwenye sahani jinsi nilivyowafundisha. Kisha akalipasua katikati kwa kidole gumba, kwa makini, kama mtu aliyeonyeshwa namna ya kufanya. Akala nusu moja. Nusu ya pili akaifunika kwa pindo la sweta, akanitazama. Niligeuza macho kwenye rejista. Nilipoyainua alikuwa amefika getini, amechuchumaa, na chini ya mabati niliona miguu miwili iliyovaa viatu vya shule vilivyokatwa mbele ili vidole vipate nafasi. Mkono ulikuwa tayari umeingizwa kwenye ule uwazi, kiganja juu.

Nikamwita kwa jina. Mkono ukarudi nje haraka sana.

Nilimfuata, nikachuchumaa naye. Nikamwambia, "Mama, hili unalila hapa, na mimi nikiwa nawe." Akasema, "Nimeshiba." Mtoto wa sentimita 11.9 ananiambia ameshiba! Nikamwambia ale tu, kidogo kidogo. Akatikisa kichwa, akakaza pindo la sweta. Hapo sauti ikatoka nje ya geti, sauti ya mtoto anayejikaza kuwa mkubwa: "Shosho, mwambie ale. Mimi nimekula."

Hakuwa amekula. Tulijua sote watatu.

Nikaifungua ile ngumi yake. Kiini kilikuwa kimeanza kumeng'enyeka, nyuzi za kijani za sweta zimeng'ang'ania ule unga wake wa manjano. Nikaketi chini kabisa, nikampakata, nikatoa uzi mmoja mmoja kwa ncha za kucha. Nikamtilia kinywani kipande. Alitafuna akiwa ametazama ile miguu. Nikampa kingine. Miguu haikuondoka wala haikusogea karibu. Kiatu kimoja kilikuwa kikichora mchangani, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Nyuma yangu wenzake walikuwa wakipigana vikumbo wakisubiri kunawa, na mmoja alikuwa analia kwa sababu ya ganda lake kuchukuliwa, na mimi sikuinuka. Nilitaka alimalize lile yai lake. Alipomeza kipande cha mwisho alifungua mdomo anionyeshe, jinsi wanavyofanya wakipewa dawa.

Nikafungua geti, nikamwingiza kaka yake nyuma ya nyumba, nikampa ugali na sukuma wiki kutoka sufuria yangu. Alikula akiwa amesimama.

Hapo ndipo afisa wa mradi alipofika, maana ukaguzi haukutolewa taarifa. Alihesabu mayai kwenye trei: 12. Akahesabu maganda. Akataka sampuli, nikamwonyesha kikopo kwenye karai la maji baridi. Hesabu ilitimia, 30 kwa 30. Kisha akazunguka nyuma, akamkuta kijana na sahani.

Alikuwa mtu mzuri, na sitaki kumsimulia vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza kwamba atakayemwona mtoto asiyeandikwa akila kituoni wakati wa mlo hataweza kujua chakula kimetoka sufuria gani, na mimi sitaweza kuthibitisha. Vituo vingine, alisema, vilianza na ndugu mmoja mlangoni, na baada ya muda walioandikwa wakawa hawaongezi uzito. Akaandika kwenye fomu, akanisomea alichoandika, nikatia sahihi. Kuanzia siku hiyo yule kijana asile ndani ya ua mpaka milo ya mradi iwe imekwisha na vyombo vimeoshwa.

Nilimwomba ampime mkono. Akasema utepe ule ni wa walio kati ya miezi 6 na miezi 59, mkubwa hupimwa uzito na urefu zahanati. Nikamuuliza pia kuhusu lile yai la kikopo: kesho saa 24 zikitimia, anaweza kupewa? Akauliza kama nina friji. Sina. Basi hapana, akasema, yai la kuchemsha halikai siku nzima kwenye joto kisha likapewa mtoto. Ni kweli. Kesho yake nililitupa.

Nililolitupa lilikuwa yai zima, halijamenywa, siku moja tu baada ya kupigania nusu. Hakuna alichosema afisa ambacho ningeweza kukipinga, nami sikupinga. Lakini kila Jumatano ya mgomo ule nilikuwa na yai moja linalosubiri kutupwa na mtoto mmoja anayesubiri sahani zioshwe.

Nilimtolea kibao akalie nje, upande wenye kivuli. Msichana nikambadilishia mahali, akawa anaketi kichwani mwa mkeka, geti likiwa mgongoni mwake. Alikula vizuri zaidi hivyo. Sahani zikishaoshwa nilifungua geti, kaka akala kwa sufuria ya nyumbani, ambayo siku hizo niliisonga kubwa. Jumamosi nilimpeleka zahanati mwenyewe. Nesi akampima, akampa dawa ya minyoo, akasema ni mwembamba lakini si mgonjwa.

Jioni moja nilimweleza mama yao. Nilitarajia aone haya, au akasirike kwamba nimemzuia mtoto kumpa ndugu yake. Alikaa kwenye ngazi akitoa udongo wa viazi chini ya kucha, kisha akasema, "Mama, yule mkubwa ndiye aliyemzoesha. Nikiacha chapati moja asubuhi, huikata nusu ampe mdogo. Hata akiachiwa mbili, bado hukata."

Kumbe ile nusu ilikuwa inarudishwa. Kile nilichokizuia pale getini kilikuwa ni deni la mtoto wa miaka 3, na alikuwa analilipa kwa namna ile ile aliyofundishwa: kupasua katikati kwa kidole gumba, na ile nyingine kumpelekea mwenzake. Nami, kwa sababu nilizozieleza hapo juu, ambazo nazikubali zote, nilimfundisha kwamba kwangu yai halipasuliwi.

Mgomo uliisha mwanzoni mwa Oktoba, kijana akarudi darasani. Desemba utepe wa dada yake ulisoma 12.7, kijani, na mhudumu wa afya alipiga makofi pale mkekani. Nilifurahi sana. Mwaka uliofuata walihama, na baadaye mradi nao ukafungwa. Siku hizi wazazi wa watoto ninaowalea wanalipia chakula wenyewe, kidogo kidogo. Rejista bado ninaitia alama watoto wakiwa wanakula, unga bado uko juu ya mbao, na shule zikifungwa ninaongeza unga kwenye sufuria ya nyumbani, kwa sababu najua watakuja.

Nimewasimulia wenzangu wa kazi hii. Mmoja aliniambia ningeiacha ile nusu ipite, Mungu anahesabu tofauti na mradi. Mwingine akasema nilifanya sawa, maana kaka hakuwa manjano. Nikimkumbuka nesi na ile 12.7, nakubaliana na huyu wa pili. Nikikumbuka kile kiatu kikichora mchangani, sijui nikubaliane na nani.

Kwa hiyo nauliza, na nauliza kwa dhati, wale mnaoandika masharti ya miradi kama hii na wale mnaoyafuata: je, mmewahi kupata njia ya kumwandika ndugu wa nje ya geti wakati shule zimefungwa, bila kumpunguzia wa ndani? Kama ipo, nielezeni mlimwandika kwenye safu gani, na unga wake ulitoka kwa nani.