Mparachichi wa mama ulikufa, nikapanda mwingine

Mparachichi uliokuwa mbele ya nyumba ya mama, hapa kwetu Kakamega, ulianza kufa kutoka juu. Majani yalififia, yakawa madogo ya manjano, na mwaka uliofuata matawi ya kileleni yakabaki vijiti vitupu. Chini ya mti ule ndipo tulipopura maharagwe, na ndipo marehemu baba alipokaribisha wageni wake. Siku tulipoukata mama hakutoka nje.

Nikawa na haraka ya kumliwaza. Mvua za Machi zilipoanza, nilinunua mche wa parachichi aina ya Hass uliopandikizwa, nikaupanda pale pale kando ya kisiki. Kufikia Agosti ulikuwa umenyauka, na udongo ulikuwa chepechepe. Mti unakufaje kiu ukiwa ndani ya maji? Niliung'oa. Vile vimizizi vyembamba vinavyonywa maji vilikuwa vyeusi, vikikatika vidoleni kama njiti ya kiberiti iliyoungua.

Nilimpelekea afisa wa kilimo ile mizizi. Akauliza, "Maji ya paa lenu huenda wapi?" Yalikuwa yakimwagikia hapo hapo, tangu tulipobadilisha mabati. Akanieleza kuhusu kuoza kwa mizizi kunakoletwa na kimelea kiitwacho Fitofthora. Hukaa udongoni miaka mingi, na mbegu zake huogelea kwenye maji yaliyotuama zikitafuta mizizi. Kumbe mche wangu niliuzika ndani ya ugonjwa uliomuua mzee wake!

Kazi ya kwanza basi ikawa maji. Nilichimba mtaro kutoka ukutani hadi kwenye nduma za mama, ambazo zinayapenda. Kisiki kilitutoa jasho, mimi na ndugu yangu, siku tatu na mtaimbo, kisha mizizi yote tukaichoma. Pale palipokufa mti nimeweka migomba.

Mparachichi mpya niliupeleka hatua kumi juu ya mteremko, ili maji ya mahali pa zamani yasiufikie. Niliosha jembe kwanza, maana udongo uliogandia jembe ni mzigo wa ugonjwa. Sikuchimba shimo refu. Nililima, nikachanganya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, nikainua tuta la kufika gotini, na mche ukakaa juu yake, kovu la kupandikiza likiwa wazi kabisa. Nikatandaza majani makavu na mabua ya mahindi, nikaacha nafasi ya shubiri kuzunguka shina lisioze.

Huu ni mwaka wa pili, na mti umenifika kifuani. Asubuhi moja mama aliniita, "Baba, njoo uone." Alikuwa amechuchumaa, amefunua matandazo kwa kidole. Chini yake, juu kabisa ya udongo, vimizizi vipya vilikuwa vimetambaa kila upande, vinene kidogo kuliko uzi, vyeupe pepepe.