Mbuzi wetu, sungura wao: siku kumi nchini Thailand

Siku ya saba ya safari yetu, katika baraza ya nyumba ya mbao nje kidogo ya mji wa Chiang Mai, mwalimu wetu wa mapishi alitutolea kigoda kifupi chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno, akakiweka sakafuni na kutuuliza iwapo tunakijua. Mdogo wangu hakujibu neno. Alikikalia upande, kama alivyofundishwa na bibi yetu, akachukua kizio cha nazi na kuanza kukuna. Sisi watu wa Unguja tunakiita chombo hicho mbuzi. Wathai wanakiita kratai, maana yake sungura, na vigoda vingi vya zamani vilichongwa kwa umbo la mnyama huyo. Mwalimu alipoelewa kwamba nasi tumempa mnyama kazi ile ile, alifurahi mno, akamwita jirani yake aje atutazame tunavyokuna.

Kwa siku sita kabla ya hapo nilikuwa nimetazama mengi na kuyastaajabia, lakini nilihisi kuwa nchi inanipita machoni kama picha. Kigoda hicho ndicho kilichonipa pa kushika, na ndiyo sababu nimeanza nacho, ingawa kwa mpangilio wa siku kilikuja baadaye.

Tulifika Bangkok mwanzoni mwa Juni, wakati wa likizo ya shule ninakofundisha. Tulijua kuwa ni msimu wa mvua huko, kwa kuwa upepo ule ule unaovuma kwetu kama kusi, ukishavuka Ikweta, hugeuka na kuipelekea Asia mawingu yake. Asubuhi zilikuwa na jua kali, alasiri ikinyesha mvua nzito ya saa moja au mbili, kisha barabara zikikauka kana kwamba hakuna kilichotokea. Wenyeji hawauiti mji wao Bangkok bali Krung Thep, na umekuwa makao makuu tangu mwaka 1782, ulipoanzishwa na mfalme Rama wa Kwanza, mwanzilishi wa ukoo wa Chakri unaotawala hadi leo.

Nje ya ukuta wa Jumba Kuu la Mfalme, dereva mmoja wa bajaji alitusimamisha na kutuambia kwa upole kuwa jumba limefungwa hadi adhuhuri kwa ajili ya ibada, lakini yeye angeweza kutuzungusha mahali pengine kwa bei ndogo sana. Tulikaribia kumwamini. Ninalitaja jambo hili kwa ajili ya atakayekwenda baada yetu: lango hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, kiingilio kwa mgeni kilikuwa baht 500, na habari za kufungwa ziulizwe langoni penyewe, si barabarani. Masharti ya mavazi ni kufunika mabega na magoti. Sisi, katika mabaibui yetu, tulipita bila kuulizwa lolote, huku wageni wengi wakisubiri kununua suruali za kujisitiri.

Ndani ya jumba hilo mna hekalu la Wat Phra Kaew, na ndani ya hekalu mna sanamu ya Buddha ambayo Wathai wanaiheshimu kuliko zote. Ni ya jiwe la kijani, na kimo chake ni sentimita 66 tu, hivi kwamba juu ya kiti chake cha dhahabu inaonekana mbali na ndogo kama mtoto. Ina mavazi matatu, ya kiangazi, ya mvua na ya baridi, na mfalme mwenyewe ndiye anayeibadilisha vazi kila msimu unapogeuka. Mimi ni Mwislamu na niliingia pale kama mgeni aingiavyo nyumba ya watu, kutazama na kujifunza kwa adabu. Hata hivyo nilikosea. Nilipoketi sakafuni pamoja na wengine, nilinyoosha miguu mbele, nyayo zikielekea kwenye sanamu. Bibi mmoja aliyekuwa kando yangu alinigusa goti kwa ncha za vidole, akaikunja miguu yake nyuma taratibu ili nione namna ya kufanya, wala hakunitazama tena usoni asije akaniaibisha. Kwa Wathai kichwa ni cha heshima kuliko viungo vyote, na unyayo ni wa chini kuliko vyote. Nilisikia haya, lakini sikuhisi ugeni, kwa sababu na mimi nililelewa kutonyoosha miguu mkekani mbele ya wazee.

Wat Pho, mwendo mfupi kutoka hapo, ina sanamu ya Buddha aliyelala yenye urefu wa mita 46. Umati wote hukusanyika upande wa uso, lakini mimi nilikaa zaidi kwenye nyayo, ambazo zimepambwa kwa alama 108 za lulumizi, ile ngozi ing'aayo ya ndani ya chaza. Kazi ya mkono yenye subira ya namna ile nimeiona kwetu katika makasha na milango tu, na sikutegemea kuiona chini ya mguu.

Kitu kilichonipendeza zaidi Bangkok, hata hivyo, hakikuwa hekalu. Ni mashua za mfereji wa Saen Saep. Mfereji huo ulianza kuchimbwa mwaka 1837, na leo mashua ndefu zenye injini za kelele hubeba wafanyakazi na wanafunzi kutoka mashariki ya jiji hadi karibu na mji mkongwe. Makondakta hawapiti ndani. Hutembea juu ya ukingo wa nje wa mashua, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine ukikusanya nauli, na abiria wa pembeni huvuta kamba kuinua turubai kila mashua nyingine inapopishana nao ili maji yasiwarukie wenzao. Hakuna anayewaagiza. Kila aliyekaa pembeni anajua kuwa kazi hiyo ni yake.

Kando ya mfereji huo kuna mtaa wa Ban Krua, wenye msikiti na nyumba za mbao zilizobanana, ambamo wanaishi Waislamu wa asili ya Cham, ambao wazee wao walitoka upande wa Kambodia. Wafumaji wa mtaa huu ndio waliofuma hariri ambayo Mmarekani Jim Thompson aliiuza duniani baada ya Vita vya Pili, kabla ya kupotea huko Malaysia mwaka 1967 bila kuonekana tena. Nyumba yake, ng'ambo ya mfereji, ni makumbusho na hujaa wageni kila siku. Nadhani ni haki kwamba atakayeiona nyumba ya muuzaji avuke maji na kuwasalimia pia waliofuma. Tulitoa salamu yetu kwa Kiarabu, tukajibiwa, tukaonyeshwa mahali pa kula. Tulipewa mchuzi uitwao massaman, jina ambalo huaminika kuwa limetokana na neno la kale la Kiajemi la kumwita Mwislamu: nyama ya ng'ombe na mbatata ndani ya tui, pamoja na karanga, ukwaju, mdalasini, iliki, bizari nyembamba na karafuu. Mdogo wangu aliitoa karafuu moja kutoka sahani yake na kuiweka mezani. Hatukusema kitu, lakini sote wawili tulifikiria mahali pamoja.

Ayutthaya, takriban kilomita 80 kaskazini, tulikwenda kwa treni ya daraja la tatu, madirisha wazi na upepo wa mashamba ya mpunga. Mji huu ulianzishwa mwaka 1350 na ukawa miongoni mwa miji mikubwa ya biashara ya Asia hadi ulipochomwa na jeshi la Waburma mwaka 1767. Katika magofu ya Wat Mahathat kuna kichwa cha sanamu ya Buddha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti, na anayetaka kupiga picha hutakiwa kuchuchumaa, ili kichwa chake kisipande juu ya kile cha jiwe. Mimi nilitaka zaidi kuliona kaburi la Sheikh Ahmad wa Qom, mfanyabiashara Mwajemi aliyefika Ayutthaya mwanzoni mwa karne ya 17, akapanda hadi kuwa mshauri mkubwa wa mfalme na mkuu wa kwanza wa Waislamu wa nchi hiyo. Wadhifa wake, uitwao Chularatchamontri, upo hadi leo. Kaburi limo ndani ya eneo la chuo kikuu, safi na kimya, na siku ile tulikuwa wageni pekee. Kwa mtu aliyekua akisikia habari za Washirazi na majahazi yao, kulikuta kaburi la Mwajemi mwisho wa njia nyingine ya bahari hiyo hiyo kulikuwa na uzito ambao magofu, kwa ukubwa wake wote, hayakunipa.

Kwenda Chiang Mai tulipanda treni ya usiku, safari ya takriban kilomita 750. Mhudumu alipita na kutuambia kuwa angekuja kututandikia vitanda "song thum", akiinua vidole viwili. Tulingoja, akaja saa mbili usiku kamili. Abiria mwenzetu aliyejua Kiingereza alitueleza kuwa katika mazungumzo ya kila siku Wathai huhesabu saa za jioni kuanzia jua linapozama: saa moja usiku ni thum moja, saa mbili ni thum mbili, na kuendelea hadi tano. Baada ya saa sita za usiku hesabu yao huanza upya na kutuacha, lakini kwa saa hizo tano tunakwenda pamoja, na sijawahi kuhitaji kugeuza saa kichwani mwangu kidogo namna ile nikiwa ugenini.

Chiang Mai, mji ulioanzishwa mwaka 1296 na mfalme Mangrai wa Lanna, una utulivu ambao Bangkok haina. Tulipanda mlima wa Doi Suthep kwa songthaew, gari jekundu lenye mabenchi mawili yanayotazamana nyuma, kama daladala zetu za zamani, kisha tukapanda ngazi zaidi ya 300 hadi hekaluni, ambako ukungu ulitunyima kuuona mji chini. Ijumaa asubuhi tulikwenda soko dogo karibu na msikiti wa Ban Haw, wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, jimbo la China, tukala khao soi, tambi za mayai ndani ya mchuzi wa tui, zikiwa na tambi nyingine zilizokaangwa kwa juu, vitunguu vibichi na ndimu.

Narudi sasa kwenye ile baraza. Mwalimu alitutaka tumwite Pa, yaani shangazi au mama mkubwa, kwani Wathai nao hawamwiti mtu mzima kwa jina kavu. Tulipika kaeng khiao wan, mchuzi wa kijani. Tulianza na kinu cha jiwe: pilipili mbichi, mchaichai, khulinjani, thomu, vitunguu vidogo, maganda ya ndimu yenye mikunjo, mizizi ya kotmiri ambayo kwetu hutupwa, na uduvi uliosagwa na kuchachuliwa, mpaka vyote vikawa kitu kimoja. Kisha tukakamua tui. Wathai hutenganisha tui la kwanza, wanaloliita kichwa cha tui, na la pili, wanaloliita mkia, kama vile sisi tunavyoiweka kasimile, lile tui zito la kwanza, kando. Mpaka hapo nilikuwa nikifanya kazi ya nyumbani kwetu kwa lugha nyingine.

Alichofanya baadaye ndicho kilichonishtua. Alimimina kasimile peke yake kwenye karai juu ya moto mkali na kuiacha ichemke. Nilishika mwiko nikoroge, maana jikoni kwa mama yangu kasimile hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, na hukorogwa bila kupumzika ili tui lisikatike. Tui likikatika, mpishi amefedheheka. Pa aliushusha mkono wangu. Tui lilikatika mbele ya macho yangu, mafuta yakajitenga na kupanda juu, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia viungo vilivyotwangwa ndani ya mafuta yale, na harufu ikajaa baraza nzima. Kwao hapo ndipo mchuzi unapoanza. Viungo hukaangwa kwa mafuta ya nazi yenyewe, ndipo kuku na mkia wa tui vikafuata. Nimepika kwa nazi tangu nikiwa na miaka tisa, na ilibidi niende mbali kiasi kile kuona kwamba tulichokiogopa jikoni kina matumizi.

Siku ya mwisho, Bangkok, tulikwenda soko la Or Tor Kor kwa ajili ya matunda, maana Juni ni msimu wake. Mashokishoki yalikuwa yamepangwa kwa mafungu. Wauza doriani waligonga kila tunda kwa kijiti na kusikiliza mlio ili kujua limeiva kiasi gani. Aina ya Monthong ni kubwa, nyama yake nene na harufu yake ni ya upole kuliko doriani la Unguja. Mdogo wangu aliliona bora, mimi bado napenda letu lenye harufu kali. Tulilila pale pale sokoni, kwa kuwa hoteli yetu ilikuwa na tangazo mlangoni la kukataza doriani lisiingizwe ndani.

Wiki moja baada ya kurudi, nilikuna nazi mbili, nikatwanga viungo na kuibandika kasimile kwenye moto mkali. Mama aliingia jikoni wakati mafuta yanapanda juu. "Tui limekukatikia, mwanangu," alisema, na tayari alikuwa ananyoosha mkono kulishusha karai. Nilimwomba asubiri, nikatia viungo, kisha kuku. Alisimama pale pale hadi mchuzi ulipoiva, akachota kidogo kwa mwiko kiganjani, akaonja, akakaa kimya, halafu akaniuliza uduvi nimetia kiasi gani.